Muhuri wa Bwana Wakili

Wiki hii mmeuliza: "Je, wakili mwenye msimamo anaweza kuwa mtu wa nyumbani?" Nililisoma swali nikacheka, kisha nikaudhika kidogo, maana mnaliuliza kana kwamba kinachomshinda ni muda: faili za usiku, safari za Mombasa. Mimi nilikuwa karani wa wakili mmoja hapa Malindi, marehemu sasa, na muda haukumsumbua kamwe. Saa saba mchana alifunga ofisi akenda kula kwake, mteja awe nani. Samaki alinunua mwenyewe. Baada ya Magharibi aliwasomesha wanawe Kurani, na aliyemfuata saa hiyo na habari za kesi alipewa kahawa akaambiwa arudi asubuhi. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, anaweza, na ningeishia hapa kama si ile habari ya muhuri.

Mambo ya ardhi ya huku mnayajua. Tangu ile sheria ya 1908 iliyowataka watu wa Pwani walete madai yao wapewe hati, wako wenye hati ambao hawajawahi kushika jembe hapo, na wako wenye minazi wasio na karatasi. Hawa wa pili sheria imewaachia mlango mmoja: ukikaa kwenye ardhi ya mtu binafsi miaka 12 mfululizo, waziwazi, bila idhini yake, unaweza kuiomba mahakama ikuandikishe wewe. Lakini ukiwa umekaa kwa idhini yake, huna kesi.

Basi akaja shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa biashara, ambaye wateja wetu wengi tuliwapata kwa mkono wake. Kashika hati ya kiapo iliyopigwa chapa kwingine. Mzee mmoja wa ng'ambo ya Sabaki, kupita Mambrui, anaapa kwamba anaishi shambani kwa ruhusa ya mwenye hati na ataondoka akiambiwa. Chini pana alama ya dole gumba. Kilichotakiwa ni muhuri wa kamishna wa viapo tu, yaani wa Bwana Wakili mwenyewe, na mimi nilikuwa nishafungua wino.

Bwana Wakili akaisoma mpaka mwisho. "Mwenye kidole yuko wapi, shemeji?"

"Mgonjwa. Miguu."

"Basi tumfuate sisi."

Shemeji akacheka, akaona anacheka peke yake. Akasema yeye si mtu wa kuhojiwa, na kama ni hivyo basi dada yake kaolewa na askari. Bwana Wakili akamjibu kwa upole kwamba kiapo huapwa mbele ya kamishna, na asiyejua kusoma husomewa kwanza akaelezwa. Akachukua funguo za gari, nami nikaambiwa nije na daftari. Shemeji hakuja.

Tulimkuta mzee chini ya mwembe anasuka kamba, kisha akainuka mwenyewe kutuletea viti. Miguu mizima kabisa! Bwana Wakili akamsomea hati polepole, mstari kwa mstari. Mzee akasikiliza, akatutazama, akasema, "Mimi niliambiwa ni orodha ya mahindi ya msaada." Mkewe akadakia kutoka jikoni kwamba alimwonya, mahindi gani yanataka kidole kwenye kurasa tatu? Alipoulizwa nani alimruhusu kukaa pale, mzee akashangaa. Minazi ile aliipanda yeye, na wanawe wote walizaliwa pale. Hajaomba ruhusa kwa mtu, hata huyo mwenye hati hamjui sura.

Bwana Wakili hakuichana karatasi, wala hakujipa kesi. Alimwambia, "Baba, tafuta wakili, lakini si mimi. Mimi ni mkwe wa hao walioileta karatasi hii." Tuliporudi mjini saa saba ilikuwa imepita zamani. Ndiyo siku pekee ninayokumbuka hakwenda kula kwake.

Hati ikarudishwa bila muhuri, na ile biashara ya shamba ikavunjika. Wateja wa shemeji walihamia kwingine. Hilo lilivumilika, ingawa karo ya watoto ilichelewa na mshahara wangu pia. Lisilovumilika ni sinia la Idi. Mkewe alipeleka kwa kaka yake kama kila mwaka, likarudi na kawa yake haijafunuliwa. Binti yao alipoolewa, mjomba hakuonekana, na mnajua harusi isiyo na mjomba inavyosemwa na majirani.

Kwenye hitima yake watu walimsifu sana: hakula rushwa, hakulala nje, aliwapenda wanawe. Kweli tupu. Nilikuwa jikoni na mkewe tunapakua wali. Akaniambia bila kuinua macho, "Alinichagulia. Hakuniuliza."

Nilipoanza kuandika nilikuwa na ndiyo moja kubwa. Sasa inategemea mnamhesabu nani. Wanawe watawaambia baba alikuwa nao kila jioni, nami nitashuhudia. Mkewe alipata mume mwema akakosa kaka. Na hata hivyo sioni angefanya nini kingine, labda tu angepita nyumbani kwanza kabla ya kuvuka Sabaki, amwambie mkewe, ingawa namjua, angemwambia na bado angevuka. Basi niandikeni upande wa ndiyo, lakini msiniulize mbele ya mkewe.