Baba baharia Mmarekani, mama wa Mombasa: DNA inavyomfikia mtu usiyemjua jina

Dada, umeeleza kwamba mama yako alikutana na baharia wa manowari ya Kimarekani hapo Mombasa mwaka 1986, ukazaliwa mwaka uliofuata, na ulichonacho ni jina moja la "Ray" na habari kwamba alikuwa mtu mweusi wa Chicago. Unauliza kama DNA inaweza kumpata na uanzie wapi. Nimesoma walivyokujibu wenzangu, wengi wanakutuma ubalozini. Mimi nimezaliwa miaka hiyo hiyo kwa hadithi hiyo hiyo, na wangu nimempata, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa urefu.

Ubalozi achana nao. Kutafutia watu baba zao si kazi yao. Kumbukumbu za wanajeshi zipo St. Louis, Missouri, lakini huko wanataka jina kamili, na mambo mengi hawakupi bila idhini ya mwenyewe, au ya jamaa wa karibu kama amefariki. Wewe una "Ray". Baada ya mkataba wa 1980 uliowaruhusu Wamarekani kutumia bandari yetu, meli zilikuwa zikiingia Kilindini na kumwaga vijana kwa mamia. Wakina Ray walikuwa wangapi? Tena huenda Ray si jina lake. Wangu mama alimjua kwa jina ambalo halimo kwenye karatasi yake hata moja. Ndugu zake ndio walikuwa wakimwita hivyo tangu utotoni.

Kwa hiyo jina liweke kando kwa sasa. Unachotafuta kwanza ni babu na bibi zake. Ukiwapata hao, yeye atajitokeza mwenyewe.

Kuna vipimo viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kile cha Mkemia wa Serikali au KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) kinalinganisha watu wawili waliopo: mtoto huyu na mwanamume huyu, ni wake au si wake. Wewe huna mwanamume wa kumpeleka, kwa hiyo hakikusaidii. Unachohitaji ni kile cha makampuni ya nasaba, kinachochukua mate yako na kuyalinganisha na ya kila mtu aliyekwisha kupima nao, kisha kinakupa orodha ya jamaa zako, wa karibu juu, wa mbali chini. Kwa baba Mmarekani anza na Ancestry. Wana watu zaidi ya milioni 20, wengi wao wako Marekani, na matokeo ya kampuni nyingine hawapokei, lazima upime kwao. Ukishapata yako, unaweza kupakua faili lako la DNA ukalipeleka tovuti ya GEDmatch, inayopokea mafaili ya kampuni mbalimbali, kuna waliopima kwingine utawakuta huko.

Kisanduku chenyewe cha kupimia mate mimi niliagiza kwa shemeji aliyekuwa anakuja likizo, akarudi nacho. Nusu saa kabla ya kutema mate usile, usinywe, usivute sigara wala kutafuna chochote, hata jojo. Unatema mpaka kwenye mstari, na hesabu mate yenyewe, povu halihesabiki. Unafunga kifuniko, maji ya buluu yanashuka, unatikisa. Namba iliyo kwenye kichupa isajili kwa baruapepe yako KABLA hakijaondoka nyumbani. Nimeona watu wametumia baruapepe ya aliyewabebea, wakaja kukosana naye, na akaunti ikaenda na ugomvi. Kwa wasomaji wa Tanzania: huko kuna Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya 2009, ulizeni kwanza kabla ya kusafirisha sampuli.

Kuhusu usiri sitakudanganya. Mwaka 2023 kampuni nyingine ya vipimo hivi hivi, 23andMe, iliibiwa taarifa za mamilioni ya wateja, na Machi 2025 ikaomba kinga ya muflisi. Na ni kupitia GEDmatch ambapo polisi wa California walimfikia muuaji sugu mwaka 2018, kwa kuwafuata binamu zake wa mbali. Njia ni ile ile tutakayoitumia sisi. Kama hilo linakukosesha usingizi, fikiria kwanza.

Matokeo yakija, kila mtu hukimbilia ile ramani ya asili, inayokadiria wazee wako walitoka nchi zipi. Kwa kawaida huwa nawaambia watu waipuuze, asilimia zake hubadilika kila kampuni ikisahihisha hesabu zake. Ila kwa kesi yetu ina faida moja. Mtoto wa Mmarekani mweusi aliyezaliwa Mombasa atakuta karibu nusu yake ni Nigeria, Benin na Togo, Kamerun, na Ulaya kidogo ndani yake. Ukiona hivyo ujue hadithi ya mama ina miguu.

Sasa ile orodha. Hapa tuna bahati ambayo Wamarekani waliolelewa na watu baki hawana: watu wa kwetu hawajapima. Mmarekani akifungua orodha anakuta maelfu ya majina ya kwa mama na kwa baba yamechanganyika, anahangaika kuyatenga. Mimi upande wa mama nilikuta watu wachache tu wenye majina ya Kiswahili, wako Uingereza na Kanada. Waliobaki wote ni wa kwa baba. Hata hivyo mama yako akikubali, mpime pia, maana sisi wa pwani tumeoana sana binamu kwa binamu, na mtu wa mbali upande huo anaweza kuonekana wa karibu kuliko alivyo.

Udugu unapimwa kwa sentimogani, yaani kipimo cha DNA mnayochangia: namba ikiwa kubwa, udugu ni wa karibu. Nakupa wastani unaotumiwa na watafutaji wengi: mzazi ni kama 3,485, ndugu wa baba mmoja kama 1,759, binamu mnaochangia babu na bibi kama 866, binamu wa kwanza wa baba yako kama 433, na wajukuu wa ndugu wawili, wao kwa wao, kama 229. Huo ni wastani tu, halisi hupanda na kushuka sana. Na namba moja ina maana nyingi: ami, babu na ndugu wa baba mmoja wote wanaangukia kwenye 1,750 hivi, umri ndio unaowatofautisha. Kuna tovuti ya DNA Painter, bure, unaingiza namba inakuonyesha udugu wote unaowezekana na uzito wa kila mmoja.

Usitarajie baba awe juu ya orodha. Wa kwangu wa juu alikuwa bibi mmoja mzee wa Chicago, 441. Chini yake watu wa 200 na ushee, kisha msururu wa mia kwenda chini. Hapo ndipo wengi hufunga kompyuta wakasema DNA haijaleta kitu. Ndiyo kwanza kazi inaanza.

Bofya kila jina uone jamaa mnaochangia naye. Utagundua wanajigawa wenyewe: hawa wanafahamiana wao kwa wao, na wale wao kwa wao, lakini hawa na wale hawahusiani. Wape rangi. Mwalimu wa njia hii ni Mmarekani, Dana Leeds, aliyeitangaza 2018, na haihitaji zaidi ya karatasi na kalamu za rangi. Mimi nilipata makundi makubwa mawili. Kundi moja, miti yao ya ukoo yote ilikuwa inarudi kaunti moja ya Mississippi, kwa mume na mke wale wale. La pili lilirudi Arkansas, kwa mume na mke wengine. Usishangae baba wa Chicago akaishia Mississippi. Weusi wa Kusini walihamia Kaskazini kwa mamilioni kati ya miaka ya 1910 na 1970, na Chicago imejaa wajukuu wao.

Ukishapata mume na mke wa kila kundi, unageuka na kushuka chini: watoto wao wote, wajukuu wote, mpaka uone mtu wa kundi la kwanza ameoana na mtu wa kundi la pili. Ndoa hiyo ndiyo babu na bibi zako. Tena huna haja ya kuvuka 1870, ambako nasaba za Wamarekani weusi hugonga ukuta kwa sababu sensa za kabla yake hazikuwaandika watumwa kwa majina. Wewe unataka sensa za karne ya 20 tu, na zipo bure kwenye tovuti ya FamilySearch. Ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022, kwa sababu Marekani hufungia sensa miaka 72. Humo nilimkuta babu yangu kijana mdogo nyumbani kwa wazazi wake, na mtaa mwingine wa Chicago hiyo hiyo msichana aliyekuja kuwa bibi yangu.

Baada ya 1950 sensa zimefungwa, na hapo tegemeo lako ni tanzia. Wenzetu wakifiwa huandika tanzia ndefu, na kampuni za mazishi huziweka mtandaoni: marehemu alitanguliwa na nani, ameacha watoto gani, wanaishi mji gani, wameoa nani. Kwangu mimi tanzia moja ilikuwa na thamani kuliko sensa zote. Ya bibi yangu ilitaja wana watatu. Mmoja, iliandikwa, ni mstaafu wa Jeshi la Wanamaji.

Ila ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja, DNA ya binamu haiwatenganishi. Wote wanafaa sawa. Kinachowatenga ni maisha (nani alikuwa Mombasa, nani alikuwa bado darasa la tatu) na mwishowe kipimo cha mtoto wa mmoja wao: akitoka na wewe 1,750 hivi mna baba mmoja, akitoka 870 basi baba yake ni ami yako.

Kwa mabaharia kuna ushahidi mwingine mtamu. Manowari nyingi zilikuwa zikichapa kitabu cha kumbukumbu cha kila safari, kina bandari walizopita na picha za mabaharia idara kwa idara. Vingi vimeshapigwa skani. Mama alikuwa anaikumbuka meli kwa kofia aliyoachiwa, jina limetariziwa mbele. Nikapata kitabu cha safari ile, Mombasa imo. Nikamwekea ukurasa wenye vichwa kama thelathini, vyote kofia nyeupe, vyote vimekunja uso. Sikumwambia natafuta nani. Alifuta miwani kwa ncha ya leso, akapitisha kidole mstari wa kwanza, wa pili, kwenye wa tatu akasimama: "Huyu. Alikuwa na jino la dhahabu, hapa hajacheka tu." Alikuwa yule wa kwenye tanzia.

Usimhoji mama lakini. Hawa kina mama wamebeba maneno ya mtaa kwa miaka, wameitwa kila jina, na wewe ukija na daftari na kalamu atajifunga. Mpe vitu vya kumkumbusha, picha, jina la meli, wimbo wa wakati ule, halafu nyamaza.

Ujumbe wa kwanza nao ni mtihani. Watu wengi hupima kwa sababu ya ile ramani na hawarudi tena kwenye akaunti, kwa hiyo kimya si lazima kiwe kukataliwa. Shida kubwa ni kwamba unaandika kutoka Kenya, na huko ujumbe wa mgeni kutoka Afrika unasomwa kama utapeli. Ulikabili hilo mapema. Mimi niliandika mistari michache: tumelingana kiasi fulani, nadhani ni kupitia ukoo fulani wa kaunti fulani, najaribu kuelewa tunahusianaje, siombi pesa wala karatasi za uhamiaji. Habari ya baba sikuigusa. Yule bibi wa 441 akanijibu, tukazungumza habari za ukoo kwa muda, na nilipomweleza ukweli yeye ndiye aliyepiga simu. Mwache mkubwa wa ukoo akubebee habari. Usimvamie mzee Facebook, na usiandike chochote ukutani kwa binti yake.

Majibu yako usiyapambe kabla hayajafika. Mzee yu hai, alikiri bila kubishana, na dada yangu wa huko akapima, tukatoka 1,700 na ushee. Mke wake hataki kunisikia na simlaumu. Tunapigiana Jumapili moja moja, habari za hali ya hewa na mpira wa kikapu ambao siujui. Mimi kwangu inatosha.

Umeuliza pia habari ya uraia. Kwa baba Mmarekani ambaye hakuoana na mama, sheria yao inataka awe amekutambua rasmi kabla hujatimiza miaka 18, pamoja na masharti mengine. Sisi tumeshapitwa. Kwa wenye baba Waingereza mlango uko tofauti, waliozaliwa nje ya ndoa kabla ya Julai 2006 wana njia ya kuomba kusajiliwa. Bila shaka mmesikia habari za watoto wa Nanyuki waliozaliwa na askari wa Uingereza, baadhi baba zao wametambuliwa kwa DNA na nasaba kama nilivyoeleza hapa, mpaka mahakama ya Uingereza ikathibitisha. Hao wana wakili. Mwenye kesi ya namna hiyo atafute wakili kabla ya kuandika ujumbe wowote.

Kwako wewe: muulize mama kama anakumbuka jina la meli au mwezi, agiza kisanduku msimu wa punguzo, na orodha ikifika piga picha ya watu ishirini wa juu, funika majina, acha namba zionekane, uiweke hapa hapa. Nitakusaidia kupaka rangi.