Tafsiri ya Qur'ani ina zama ngapi?

SWALI: Assalaam alaykum ustadh. Darasani tumefundishwa kuwa historia ya tafsiri ya Qur'ani ina zama tatu: za Mtume (s.a.w.) na Masahaba, za Matabiina (wanafunzi wa Masahaba), kisha zama za uandishi wa vitabu. Kitabu nilichoazima kinazigawa tano. Nishike mgawanyo upi? – Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Mgawanyo wa zama tatu ni wa Sheikh Muhammad Husayn al-Dhahabi wa al-Azhar, na vitabu vingi vya kufundishia vinamfuata. Katika zama mbili za mwanzo sina ugomvi naye. Ibn Abbas alifundisha Makka, Ubayy bin Kaab Madina, Ibn Masud Kufa, na wanafunzi wao wakayapokeza waliyoyasikia. Hapo kizazi ni kipimo kizuri, maana elimu yenyewe ilipita midomoni, mtu kwa mtu.

Taabu iko kwenye ya tatu. Inaanza mwishoni mwa dola ya Bani Umayya na mpaka leo haijaisha! Karne kumi na mbili na ushei zimetiwa kapu moja, Tabari mfasiri wa kale humo, Muhammad Abduh mwanazuoni wa Misri wa juzi juzi humo. Mimi hilo silikubali, na wanafunzi wangu huwaonesha sababu kwa Suratul Kawthar, aya tatu tu.

Fungua Tabari, aliyefariki mwaka 310 Hijria (923 Miladia). Anamwaga mapokezi, kila moja na isnadi yake (mlolongo wa majina ya waliopokezana): wako waliosema Kawthar ni mto wa Peponi, wako waliosema ni kheri nyingi, wako waliosema ni hodhi. Akishawasikiliza wote, anatoa hukumu: ni mto. Sasa mfungue Fakhruddin Razi, aliyefariki 606 Hijria (1210). Kauli hizo anazo, na ameziongeza mpaka ile isemayo kuwa Kawthar ni wanazuoni wa umma huu. Lakini anakwenda mbali zaidi. Anaiweka sura hii uso kwa uso na Suratul Maun iliyoitangulia: kule kuna ubahili, huku “tumekupa kheri nyingi”; kule wanapuuza swala, huku “basi swali”; kule wanajionesha kwa watu, huku “kwa ajili ya Mola wako”; kule wananyima msaada, huku “na uchinje”. Nimeisomesha sehemu hii mara nyingi na bado inanisisimua. Kisha chukua Jalalayn, tafsiri fupi ya wanazuoni wawili. Mahalli, aliyefariki 864 Hijria (1459) kabla hajaimaliza kazi na Suyuti akaja kuikamilisha, anaeleza kwa maneno machache tu: mto wa Peponi, au kheri nyingi kama unabii, Qur'ani na shufaa. Isnadi hakuna, mjadala hakuna. Ni kitabu cha kusomeshea.

Watu watatu hao, kazi tatu mbalimbali, na wote eti ni “zama za uandishi”!

Kwa hiyo mimi hupima kwa kuangalia mfasiri alikuwa anafanya nini na alikuwa na vitabu gani mkononi. Tabari kwangu ni mfungaji wa zama za mapokezi kuliko mfunguzi wa zama mpya. Baada yake inakuja karne ya Thaalabi (aliyefariki 427 Hijria), kisha Zamakhshari (aliyefariki 538 Hijria) na Razi, ambapo nahau, balagha (elimu ya ufasaha) na ilmul-kalam (mijadala ya itikadi) vinaingia kwa nguvu. Halafu zama za muhtasari na hashiya (maelezo yaandikwayo juu ya kitabu cha mwingine), ambazo watu hupenda kuziita za kudumaa. Si haki. Wenye hashiya juu ya tafsiri ya Baydawi walikuwa wakibishana kwa makini mno.

Zama ya mwisho naianza na mitambo ya uchapaji na gazeti la al-Manar, lililoanzishwa Cairo mwaka 1898. Humo Rashid Rida alichapisha tafsiri iliyotokana na darasa za Abduh. Tabari mwenyewe alichapwa Cairo mwaka 1903. Kabla ya hapo alikuwa nakala za mkono, hakuwa kitabu cha kila mwanafunzi.

Angalizo moja: usifanye “tafsiri kwa mapokezi” na “tafsiri kwa rai” kuwa zama mbili. Ni njia, na zimekwenda pamoja tangu mwanzo. Tabari unayemwona ni wa mapokezi anapima na kuchagua kila ukurasa.

Kwenye mtihani andika zama tatu, umtaje al-Dhahabi, kisha igawe ya tatu kwa hoja zako. Huo mgawanyo wa tano, tazama kwanza mwandishi ameikata wapi hiyo zama ya tatu, na kwa sababu gani.