Kipanya kimegoma kwenye Linux? Usikimbilie dukani kama mimi

Juzi msomaji mmoja wa Kasulu kaniandikia: "Kaka, mausi imekufa, mshale hausogei. Ninunue nyingine?" Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Swali hilo mimi nililijibu kwa pesa yangu, mara tatu.

Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma. Umeme ukikatika nategemea inveta, na kila dakika ya betri ni hela. Nikasoma kwamba programu ya powertop hubana matumizi ya umeme kwenye Linux, ule mfumo wa bure unaoendesha kompyuta yangu, nikaipanga ijiendeshe na --auto-tune, yaani ijirekebishie mipangilio yote yenyewe, kila kompyuta inapowaka. Nikajiona fundi.

Kesho yake kipanya kikaanza kulala. Ukikiacha sekunde mbili, taa nyekundu ya chini inazimika. Ukikisogeza, mshale umeganda. Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka: kikaamka. Nikasema kimechoka hiki, nikanunua kipya. Kikapiga kazi mpaka jioni, asubuhi kimekufa. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu kilinigomea mbele ya mzee mmoja wa Ujiji aliyekuja nimjazie fomu ya mjukuu wake. Akasubiri wee, mwisho akasema kwa upole, "Mwanangu, acha niende kwa mwenzako," akavuka barabara. Jirani akanipigia kelele kutoka mlangoni kwake: "Si uliambiwa, cha bure hicho!" Sijasahau mpaka leo.

Kilichonizindua ni kibodi. Naandika Shabani, inatokea habani. Nikipumzika kidogo tu, herufi ya kwanza inamezwa. Vipanya vitatu vibovu, haya. Na kibodi nayo?

Kumbe powertop ilikuwa inavilaza vifaa vya USB visipoguswa. Kibodi ukiibonyeza inaamka, ila vipanya vingi haviamki kwa kusogezwa, mpaka ubofye. Na ukichomoa ukachomeka, kwa Linux hicho ni kifaa kipya: hakilazwi tena mpaka utakapowasha kompyuta upya. Ndiyo maana kila nilichonunua kilikuwa kizima siku moja tu!

Kwa hiyo, ndugu yangu, bofya kwanza. Kikiamka, hakijafa. Kisipoamka, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri (kwenye Ubuntu ni Ctrl+Alt+T), andika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Kikiwemo kwenye orodha, kompyuta inakiona, basi angalia mipangilio kwanza. Kisipokuwemo, badili tundu, kisha kijaribu kwenye kompyuta nyingine. Mimi niliandika sudo systemctl disable powertop ili isijiendeshe tena kompyuta inapowaka, nikawasha upya, yakaisha.

Tuna ugonjwa wa kulaumu kifaa kwa sababu hakina mdomo wa kujitetea. Jiulize jana ulibadilisha nini, uanzie hapo. Na nakwambia tena: usitoe hata shilingi kabla ya kuandika lsusb.

Vile vya ziada viko kwenye droo, vyote vizima. Wiki iliyopita jirani alivuka barabara, kipanya chake kimekatika waya, wateja wamejaa. Nilimpatia kimoja. Kwa bei ya dukani.