Kabla ya kustaafu alikuwa wapi?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mtu wa miaka 60 hajachelewa kuanza kuandika riwaya, mkamtaja Penelope Fitzgerald wa Uingereza: kazaliwa 1916, kitabu cha kwanza 1975, riwaya ya kwanza 1977, Tuzo ya Booker 1979. Najibu: hajachelewa. Lakini hapo kabla alikuwa wapi? Alikuwa anafundisha, analea watoto watatu, mume kazidiwa na pombe. Waliishi kwenye mashua kuukuu mtoni Thames, nayo ikazama na vitu vyao. Riwaya iliyompa tuzo inahusu watu wa mashua kama hizo.

Shangazi yangu, mwalimu mstaafu hapa Dodoma, aliandika riwaya yake kwenye kaunta buku. Nilimsindikiza kuichapisha steshenari moja karibu na Jamatini. Mnaijua foleni ya pale ajira zikitangazwa, kila mtu na bahasha ya vyeti. Binti mchapaji alikubaliana naye bei kwa ukurasa, akaanza kazi bila kuinua macho. Alipofika pale mke anapouza mtama wa ghalani kwa siri ili bintiye aende sekondari Mpwapwa, vidole vikasimama.

“Bibi, huyu mume akijua?”

“Chapa mwanangu, utaona.”

Binti akafunua kurasa za mbele. Shangazi akamrudisha. Kijana mmoja kwenye foleni akaomba isomwe kwa sauti, na mara umeme ukakatika. Basi shangazi akachukua daftari lake, akasogea mlangoni kwenye mwanga, akasoma. Mzee aliyeleta hati ya kiwanja kutoa kopi aliketi kwenye ngazi, akawa anaguna kila mume yule akitajwa. Hakuna aliyeondoka. Umeme uliporudi, kurasa ambazo hazikuhifadhiwa zilikuwa zimepotea; binti akazichapa upya, hela ya nyongeza akaikataa.

Kwenye daladala ya kurudi Kikuyu nilimuuliza hadithi ile aliianza lini. Akanionyesha kurasa za mwanzo: zimeandikwa nyuma ya maazimio ya kazi, tangu anafundisha Kongwa. Kila akishika kalamu, kuna madaftari ya kusahihisha, kuna mama mkwe mgonjwa, kuna maji ya kuchota.

Nilianza barua hii nikitaka kuwatia moyo wastaafu wenzake. Sasa nimekasirika. Tukisema “hujachelewa” tunajisamehe sisi tuliokuwa tunapakuliwa chakula wakati yeye anatafuta nusu saa ya kuandika. Fitzgerald alibahatika kupata miaka mingine ishirini na kitu, akaacha riwaya tisa. Shangazi ana mtoto wa jicho. Daftari analisogeza karibu na pua. Kwa hii moja hajachelewa. Kwa ya pili na ya tatu, naona kachelewa, na si kwa kupenda kwake.

Ila ile sehemu ya mtama sidhani angeiandika hivyo akiwa na miaka 30, kabla hajawaona akina mama wa wanafunzi wake wakileta ada ya fedha zilizofungwa kwenye kanga. Hapo nawakubalia wanaosema umri humsaidia mwandishi, japo sijui niwakubalie kiasi gani.