Simujanja ya mama: bando linakata siku ya kwanza, WhatsApp "inakimbia"

Mkuu, umesema umemnunulia mama simujanja, yuko kijijini, bando la wiki linakata siku ya kwanza, na kila ukimpigia anakwambia WhatsApp imekimbia. Mama hana kosa. Simu hiyo haijapangwa kwa mtu wa umri wake.

Anza na bando. Ndani ya WhatsApp ingia mipangilio, kisha hifadhi na data. Kwenye upakuaji wa moja kwa moja kwa data ya simu, ondoa tiki zote nne: picha, sauti, video, nyaraka. Sauti za wajukuu wanaomrekodia meseji zitaendelea kushuka zenyewe, hilo lisikutie hofu. Zinazozuiwa ni kwaya na mahubiri yanayomwagwa kwenye magrupu, na hizo ndizo zinazojaza simu pia. Play Store nayo izuie kusasisha programu yenyewe, ila hapo jukumu linakuwa lako: kila ukienda kijijini sasisha WhatsApp, maana toleo likizeeka sana inagoma kabisa.

Sasa hiyo ya kukimbia. Aliyezoea simu ya kitochi anakandamiza kioo kama anabonyeza kitufe. Simu inaelewa kwamba anataka kuhamisha alama ya WhatsApp. Kidole kikiteleza kidogo tu, alama imehamia ukurasa wa pili au imeondoka. Kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility) kuna muda wa kugusa na kushikilia, uweke mrefu. Samsung zina pia sehemu ya kufunga mpangilio wa skrini ya mwanzo, ifunge. Kioo kizime baada ya dakika 2, siyo sekunde 30, kwa sababu anasoma polepole na kikizima katikati anadhani ameharibu kitu. Kuza maandishi. Halafu weka njia ya mkato ya chati yako palepale mbele, aione sura yako badala ya kutafuta jina.

Ukimfundisha, simu ikae mkononi mwake. Ukimpokonya ili "nikuonyeshe haraka", hajifunzi chochote. Siku moja, jambo moja: leo kupokea simu ya video, kesho kurekodi sauti, yaani ashikilie alama ya maiki, ateleze kidole juu mpaka ijifunge, aongee, aguse mshale.

Usiondoke kabla ya kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili wa WhatsApp, PIN ya tarakimu 6, na barua pepe ya kuirejesha iwe unayoifungua wewe. Mwambie hivi, na arudie kwa mdomo wake: "Tarakimu zikiingia kwa meseji, hata mwanangu akiniomba, simpi." Matapeli hupiga wakijifanya watu wa kanisani au wa mtandao wa simu. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" mwonyeshe jinsi ya kuzipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli hapa Tanzania, mfanye moja pamoja.