Ultrasaundi ikisema tumbo safi, vidonda bado vinaweza kuwepo

Ndugu yangu wa Busia, pole kwa kuuguza. Umeuliza iwapo mama yako, anayeogopa kumeza mpira wa kamera, anaweza kupigwa ultrasaundi tu ili vidonda vya tumbo vionekane. Hapana. Mimi kuchanganya haya mambo kulinigharimu miaka miwili.

Nilikuwa nabanwa na maumivu chini ya chembe ya moyo, hasa usiku nikishakula rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, yenye mafuta mengi. Duka la dawa la jirani likasema ni vidonda, nikameza omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, miaka miwili bila mtu kunipima. Mwisho daktari mmoja Mbale aliniita nikiwa sijala tangu usiku, akanipaka jeli ya baridi chini ya mbavu za kulia, akasema, "Geukia kushoto." Kwenye skrini nikaona doa jeupe likiviringika ndani ya mfuko wa nyongo, na nyuma yake giza lililonyooka kama kivuli cha nguzo. Yalikuwa mawe. Akanieleza kwamba mashine hiyo huona kwa mawimbi ya sauti, na sauti haipenyi jiwe, ndiyo maana nyuma yake panakuwa peusi.

Hewa nayo huirudisha sauti, na tumbo na matumbo yamejaa hewa. Kwa hiyo kidonda kwenye ukuta wa ndani kwa kawaida hakionekani, hata mashine iwe mpya namna gani.

Ile kapsuli ya kamera uliyosikia ipo kweli, Marekani waliiruhusu mwaka 2001. Ina urefu wa milimita 26 hivi, unaimeza kwa maji, inapiga picha kwa takriban saa 8 ikiteremka, kisha inatoka na choo. Ila kazi yake hasa ni utumbo mwembamba, ambako mpira haufiki. Haiwezi kuchukua kinyama cha kupima, na penye mbano inaweza kukwama. Usiuze ng'ombe kwa ajili yake.

Anza na kipimo cha choo cha H. pylori, bakteria wanaosababisha vidonda vingi vya tumbo. Kama anameza omeprazole, muulizeni daktari kuhusu kuiacha wiki 2 kabla, maana inaweza kuficha majibu.

Na mpira wenyewe, dada yangu aliupitia. Walimpulizia dawa ya ganzi kooni, akalala ubavu wa kushoto, akatapikatapika kidogo huku amenishika mkono. Dakika kumi hazikuisha. Tafadhali tazama choo cha mama. Kikiwa cheusi kama lami, au anapungua mwili, au chakula kinamkwama akimeza, mpeleke hospitali leo hii.