Maswali na Majibu: Death Valley kwa pikipiki, msimu wa baridi

Maswali yamekuwa mengi tangu nilipoandika kwamba Death Valley, ile hifadhi ya jangwa iliyo mashariki mwa California, ni ya kuiendea kwa pikipiki kati ya Desemba na Februari. Leo najibu yale yanayojirudia. Mnaouliza pikipiki gani ni kali kuliko zote mtanisamehe. Hilo ni la kijiweni na halina mwisho.

Shikamoo mzee. Mimi ni dereva wa lori hapa Phoenix, zamani nilikuwa bodaboda Njombe. Unatuambia tubebe nguo nzito kwenda jangwani. Si ndilo lile jangwa la nyuzi 56?

Marahaba. Ndilo hilohilo. Nyuzi 56.7 zilipimwa Furnace Creek, ndani ya hifadhi, tarehe 10 Julai 1913, na mpaka leo ndiyo rekodi ya dunia. Lakini Julai si Januari. Januari, hapohapo Furnace Creek, mchana hugota kwenye 19 hivi na usiku hushuka hadi 4 au 5. Na hapo ndipo penye nafuu, maana uko chini ya usawa wa bahari. Hifadhi inaanzia Badwater, mita 86 chini ya bahari, na kupanda hadi kilele cha Telescope, mita 3,368, ambacho wakati huo kina theluji. Kila mita 1,000 unazopanda zinakula nyuzi sita na nusu hivi. Ukitoka Badwater na fulana kwenda Dante's View, mita 1,669, utakuta baridi imekuzidi kwa nyuzi 11, na upepo hujauhesabu.

Upepo ndio wenyewe. Hewa ya nyuzi 5 ukiikata kwa kilomita 100 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaisikia kama 3 chini ya sifuri. Wewe uliyebeba abiria Njombe alfajiri ya Juni unaujua ule ujanja wa kuvaa jaketi kinyume, zipu mgongoni, na kipande cha boksi kifuani. Siudharau, unafanya kazi. Ila hapa utakaa kwenye upepo saa nyingi mfululizo, si kumfikisha mtu sokoni na kurudi kijiweni. Vaa nguo ya ndani inayobana isiyo ya pamba, kwa sababu pamba ikishalowa jasho haikuachi. Juu yake sweta la sufu, kisha koti lisilopitisha upepo. Kwenye mikono usibane pesa: glavu nene, pamoja na vile vifuko vya kufunika mikono vinavyofungwa kwenye usukani. Vidole vikifa ganzi huwezi kuipima breki ya mbele, na mteremko wa Towne Pass si mahali pa kubahatisha breki.

Ukianza kutetemeka, simama, kula, kunywa kitu cha moto. Lakini ukiona mwenzako ameacha kutetemeka ilhali bado ni wa baridi, na maneno yanamtoka kwa uzito kama mlevi, hapo hakuna tena safari. Huyo ni mgonjwa; mfunike, mkinge upepo, tafuta msaada.

Nina Honda CRF300L, tangi lake dogo. Ndani ya hifadhi kuna vituo vingapi vya mafuta? (Sacramento)

Vitatu: Panamint Springs, Stovepipe Wells na Furnace Creek. Hifadhi yenyewe ina kilomita za mraba zaidi ya 13,000. Bei za ndani ni za juu, kwa hiyo jaza Lone Pine ukija kutoka magharibi, au Pahrump au Beatty ukija kutoka Nevada.

Kwenye lami hutapata shida. Lone Pine hadi Panamint Springs ni kama kilomita 80, toka hapo hadi Stovepipe Wells kama 48, kisha 40 hadi Furnace Creek. Balaa liko kwenye michepuko. Kutoka Furnace Creek kwenda Racetrack, ule uwanja wa tope lililokauka wenye mawe yanayotembea, na kurudi ni kama kilomita 268, na njiani hakuna pampu hata moja. Tangi lako ni lita 7.8. Ukinywa lita 3.5 kwa kilomita 100, unaishiwa karibu na kilomita 220, tena hiyo ni hesabu ya lami. Kwenye changarawe, gia ya pili, upepo wa usoni, injini inakunywa zaidi. Beba dumu la lita nne lililotengenezwa kwa ajili ya petroli na ulifunge chini, karibu na kiti. Zile chupa za soda za kuuzia petroli vijijini kwetu ziache hukohuko.

Na jaza kila unapokutana na pampu, hata kama tangi bado liko nusu. Mabango ya barabarani, usisahau, ni ya maili.

Nataka kuimaliza hifadhi yote kwa siku mbili, kilomita 500 kila siku. Inawezekana? (Columbus, Ohio)

Mwili unaweza. Jua ndilo litakalokukatalia. Mwishoni mwa Desemba linachomoza kama saa moja kasoro dakika kumi asubuhi na kuzama kama saa kumi na dakika arobaini jioni. Kabla ya hapo linakuwa limeshajificha nyuma ya safu ya milima ya Panamint, kivuli kinalala bonde zima na baridi inashuka papo hapo. Jioni hiyohiyo koyote wanaanza kuzurura, na upande wa Wildrose na bonde la Panamint utakuta punda mwitu wamesimama katikati ya barabara, hawana habari na taa yako.

Mimi nahesabu kilomita 250 kwa siku kwenye lami, nusu yake kama kuna changarawe, na niwe nimezima injini kabla jua halijagusa mlima. Toa siku nne.

Kulala, kambi ya Furnace Creek iko chini kabisa kwa hiyo usiku wake una nafuu, lakini wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya na zile wikiendi ndefu za Januari na Februari hupati nafasi kama hukuweka mapema. Kuni njoo nazo. Kuokota ndani ya hifadhi ni marufuku. Kijiji kilicho karibu na hapo ni cha Watimbisha Shoshone, wenyeji wa bonde hili tangu kabla ya kuwepo hifadhi yoyote, ambao sheria ya mwaka 2000 iliwarudishia sehemu ya ardhi yao. Ni makazi ya watu. Usiingize pikipiki humo kwa ajili ya picha.

Nimeona picha za mawe yanayotembea yenyewe. Naweza kufika na Harley yangu? (Houston)

Kwa Harley, hapana. Tena sikwambii kwa kuringa.

Racetrack inafikiwa kwa kilomita 43 za changarawe kuanzia kreta ya Ubehebe. Barabara ina mikunjo mfululizo kama bati la paa. Ukienda taratibu inakung'oa meno, ukiongeza mwendo gurudumu linaelea na usukani hausikii. Mawe yake yana makali, na kinachokufa huko mara nyingi ni ubavu wa tairi. Tairi za tyubulesi, beba uzi wa kuzibia na pampu, ila ujue ubavu ukichanika uzi hausaidii. Tairi za tyubu, beba tyubu ya mbele na ya nyuma, vyuma vya kufungulia tairi, solusheni, viraka na sandpepa. Na uwe umeshabadili tyubu kwa mikono yako nyumbani, kwenye sakafu safi, bila haraka. Pancha ya kwanza ya maisha yako isikukute huko, maana hakuna fundi wa chini ya mwembe. Kumbuka pia kwamba gari la kukuvuta kutoka huko linaweza kudai maelfu ya dola.

Ukishapiga kama kilomita 32 utafika njia panda ya Teakettle. Kibao cha mbao, na juu yake mabirika yametundikwa kwa waya: ya bluu, ya kutu, mengine yameandikwa majina na tarehe kwa rangi, yote yanagongana upepo ukivuma. Simama hapo. Pima upepo wa tairi, kaza boliti za taa na za namba, maana ile mitetemo inalegeza kila kitu, kisha angalia jua liko wapi. Kama ni zaidi ya saa nane mchana, geuza.

Kuhusu mawe yenyewe: watu walibishana miaka mingi, upepo, majini, watani wenye kamba. Desemba 2013 watafiti Richard Norris na James Norris walikuwepo na kuyaona yakitembea, na maelezo yakachapishwa 2014. Uwanja unapata maji kidogo, usiku yanaganda kuwa barafu nyembamba ya milimita chache tu, asubuhi jua linaipasua vipande vipana, na upepo wa kawaida unavisukuma vipande hivyo vikiyasukuma mawe juu ya tope laini. Mwendo wake ni mita mbili hadi tano kwa dakika. Ukiangalia kwa mbali huoni kitu. Kwa maneno mengine, msimu unaokwenda wewe ndio msimu wa kazi yao. Lakini ukikuta uwanja umelowa, usiukanyage, kwa sababu alama ya kiatu hukaa miaka. Na pikipiki haipandi hapo hata pakiwa pakavu.

Pikipiki yangu ya vumbi haina namba, ina stika ya kijani ya California, ile ya vyombo vya nje ya barabara. Itapita?

Haipiti. Ndani ya hifadhi kila chombo kiwe na namba na bima, na dereva awe na leseni. Nje ya barabara hakuendeshwi kabisa, hata mita moja.

Natoka Dar Januari kumtembelea kaka yangu Las Vegas. Nina leseni ya daraja A. Nikodi pikipiki huko? (Kinondoni)

Kodi. Kutoka Las Vegas kupitia Pahrump hadi Furnace Creek ni kama kilomita 195, siku nyepesi. Njoo na leseni yako pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, kwa sababu wakodishaji wengi hukiomba, na hakikisha nacho kinaonyesha daraja la pikipiki. Soma mkataba: mingi inakataza changarawe, na ukipasua tairi Racetrack bima yao haikujui. Helmeti California ni lazima, wewe na abiria. Kiingilio cha pikipiki ni dola 25 kwa siku saba. Pampu nyingi za mafuta zitakuuliza msimbo wa posta wa kadi yako, na kadi ya Dar haina. Usibishane na mashine, ingia ndani ulipe kwa mhudumu.

Uliuliza pia kama cc 150 inatosha. Boxer 150 ya kwetu kiwandani ni cc 144.8, na California chombo kilicho chini ya 150 hakiruhusiwi kwenye barabara kuu za mwendo kasi. Ungeishia mlangoni mwa barabara hizo.

Mimi ni muuguzi Seattle, naendesha peke yangu miaka mingi. Mume wangu anasema jangwani lazima niwe na kundi. Nani yuko sahihi?

Mwambie shemeji mko sahihi wote. Kwenye lami, Desemba hadi Februari, watalii wanapita. Ukisimama kando na kofia mkononi mtu atasimama. Kwenye changarawe usiende peke yako, uwe mwanamke au mwanaume.

Simu haishiki sehemu kubwa ya hifadhi. Nunua au azima kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti. iPhone 14 na zilizofuata zinaweza kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti pia, ila zinahitaji anga wazi na betri, na betri hulegea kwenye baridi, kwa hiyo ilaze simu kifuani ndani ya koti. Mwachie mumeo karatasi: njia, kituo cha kila usiku, na saa ambayo asiposikia kitu apige simu. Chukua ramani ya karatasi pia. Ramani za simu zimewahi kupeleka watu kwenye njia zilizokufa zamani.

Mvua ya hapo ni kama milimita 50 kwa mwaka. Koti la mvua la nini? (Nairobi)

Kwa sababu hizo 50 haziji kwa awamu. Tarehe 20 Agosti 2023, mabaki ya kimbunga Hilary yalimwaga milimita 56 kwa siku moja, na hifadhi ikafungwa hadi katikati ya Oktoba. Badwater pakawa ziwa, na Februari 2024 watu walikuwa wakipiga kasia pale ambapo kwa kawaida ni chumvi tupu. Ngome ya Scotty, jumba la kihistoria lililo ndani ya hifadhi, ilifungwa kwa mafuriko ya Oktoba 2015, kwa hiyo usiipangie kituo. Asubuhi ya kuondoka angalia taarifa ya barabara kwenye tovuti ya hifadhi, maana milimani kunaweza kuwa na barafu hata kama bondeni kumekauka.

Na wewe kama umewahi kuvuka jangwa la Chalbi baada ya mvua, unajua gamba jeupe linavyodanganya, chini yake tope linasubiri gurudumu. Huku ni hivyohivyo, na juu yake kuna faini.

Ramadhani siku hizi inaangukia Februari. Naweza kufunga nikiwa njiani? (Minneapolis)

Hukumu ya msafiri muulize sheikh wako, atakueleza ruhusa iliyopo. Mimi nazungumzia maji tu. Baridi inaficha kiu. Hewa ni kavu, upepo unakausha jasho kabla hujaliona, na mchana kutwa unaweza usikumbuke chupa. Dalili ya kwanza ni kichwa kuuma na kuchelewa kuamua kwenye kona. Kama umefunga, endesha asubuhi tu, lami tupu, umalize adhuhuri. Changarawe iache mpaka baada ya Idi. Chupa ya chai na tende ziwe kwenye begi la tangi, si chini ya mizigo. Katikati ya Februari magharibi inaingia kama saa kumi na moja na nusu, na wakati huo uwe umeshafunga hema.